Kabla ya kusema "fungueni": namna ya kupima kama vizuizi vya janga vinaweza kulegezwa

Mjadala wa kulegeza vizuizi huharibika mapema, pale watu wanapogawanyika kambi mbili, wa "fungueni" na wa "msifungue". Swali likiulizwa hivyo halijibiki, kwa sababu hakuna nchi iliyowahi kufunga kila kitu: hospitali, mashamba, malori ya chakula na mitambo ya umeme huendelea na kazi. Linalojibika ni hili: tunalegeza nini kwanza, tunasubiri siku ngapi kabla ya kugusa kingine, na namba ipi ikifika wapi tunarudi nyuma?

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeketi kwenye kikao cha aina hiyo, awe diwani, mwalimu mkuu, mganga, mwandishi wa habari au kiongozi wa dini, na anataka kuingia akiwa na hesabu zake mkononi. Mifano ni ya UVIKO-19, maana ndio uliofuatiliwa kwa karibu kuliko milipuko yote. Ukija ugonjwa mwingine wa njia ya hewa, badilisha namba. Hatua ni zile zile.

Kwanza, jua namba ya leo inasimulia siku gani

Kila takwimu inayosomwa kikaoni ni habari ya siku zilizopita. Aliyeambukizwa leo huanza kuumwa baada ya siku 5 au 6 kwa wastani, na wengine huchukua hadi siku 14. Atakaa siku moja mbili kabla ya kwenda kupimwa, na majibu nayo yana siku zake. Akizidiwa, kwa kawaida hulazwa karibu wiki moja tangu dalili zianze. Wanaofariki, wengi hufariki wiki 2 hadi 3 tangu dalili, na wengine baadaye zaidi.

Chora mstari huo kwenye karatasi, kuanzia siku ya kulegeza. Utaona kuwa visa vipya haviwezi kukuambia lolote kabla ya siku ya 8 au 10, waliolazwa kabla ya wiki ya pili, na vifo kabla ya wiki ya tatu au ya nne. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kulegeza huwa nzuri siku zote, na ndiyo wiki ambayo watu hudai kitu cha pili kifunguliwe kwa kuwa "mmeona wenyewe, hakuna kilichotokea". Jimbo la Hokkaido, Japani, liliondoa hali ya dharura tarehe 19 Machi 2020. Tarehe 12 Aprili likairudisha. Kati ya tarehe hizo kuna siku 24, takriban urefu wa mstari uliochora.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuandika kwenye azimio: kati ya hatua moja na nyingine zipite siku 14 kamili kwa uchache. Sisi tungesema 21, hasa pale majibu ya vipimo yanapochelewa zaidi ya siku 3.

Omba takwimu zinazosomeka pamoja

Idadi ya visa vipya peke yake haisemi kitu. Ukipima watu wachache utapata wagonjwa wachache. Iweke kando ya asilimia ya waliokutwa na virusi: gawa waliokutwa navyo kwa wote waliopimwa. Waliopimwa 500, waliokutwa navyo 40, hiyo ni asilimia 8. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza asilimia hiyo iwe chini ya 5 kwa wiki mbili mfululizo kabla ya kulegeza, mradi upimaji uwe wa kutosha. Visa vikishuka huku asilimia ikipanda, usishangilie: wanaopimwa wamepungua, ugonjwa haujapungua.

Mitego ya hapa ni midogo lakini inaumiza. Maabara nyingi hazitoi majibu mwishoni mwa wiki, kwa hiyo Jumatatu huonekana tulivu na Jumatano ya kutisha. Tumia wastani wa siku 7, usibishane juu ya siku moja. Uliza kama mtu aliyepimwa mara tatu amehesabiwa mara tatu. Uliza pia kama katikati ya mwezi walihama kutoka kipimo cha PCR (kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi) kwenda kipimo cha haraka, maana mchoro wa kabla na wa baada hauwezi kuunganishwa. Na vipimo vya haraka vina tatizo lao maambukizi yakiwa machache. Tuseme kati ya watu 10,000 ni 10 tu wenye virusi, na kwa kila watu 1,000 wasio na virusi kipimo hukosea mara 5. Utapata majibu ya uongo karibu 50 dhidi ya 10 ya kweli. Hapo kila aliyekutwa na virusi apimwe tena kwa PCR kabla hujafunga shule yake.

Takwimu ya pili ni visa visivyo na chanzo, yaani wagonjwa ambao wafuatiliaji hawakuweza kujua waliambukizwa na nani. Hii hupuuzwa sana, na ni kosa. Visa 30 vinavyotoka kwenye msiba mmoja unaojulikana vinazuilika. Visa 10 visivyojulikana vimetoka wapi maana yake kuna minyororo inayotembea gizani. Melbourne, Australia, ilipopanga kutoka kwenye vizuizi vyake virefu mwaka 2020 iliweka masharti mawili pamoja: wastani wa visa kwa siku 14 uwe chini ya 5, na visa visivyo na chanzo viwe chini ya 5 katika siku hizo 14.

Ya tatu ni R, wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja. Ikiwa chini ya 1 mlipuko unasinyaa, juu ya 1 unakua. Tarehe 15 Aprili 2020 Chansela wa Ujerumani, Angela Merkel, aliieleza kwa namna ambayo hadi leo haijapitwa: R ikiwa 1.1, hospitali zitafika mwisho wa uwezo wao Oktoba, ikiwa 1.2, Julai, ikiwa 1.3, Juni. Tofauti ya sehemu moja ya kumi inakula miezi.

Kinachosahaulika ni kwamba kupanda na kushuka si sawa. Chukua siku 5 kwa kila kizazi cha maambukizi, yaani muda kutoka mtu kuambukizwa hadi amwambukize mwingine. Ukianza na visa 200 kwa siku na R ya 1.2, baada ya siku 25 una karibu 500. Ukarudisha vizuizi na R ikashuka hadi 0.9, utahitaji siku 43 kurudi kwenye 200. Anayesema "tujaribu, tukiona mbaya tutafunga tena" aulizwe kama amehesabu safari ya kurudi.

Lakini usiifanye R kuwa mungu. Visa vikiwa vichache huyumba ovyo. Mwezi Juni 2020 R ya Ujerumani iliruka juu ya 2, sababu kubwa ikiwa mlipuko ndani ya kiwanda kimoja cha nyama. Nchi nzima haikuwa imechafuka. Visa vikiwa chini kabisa, mnyororo unaojulikana una maana kuliko R.

Hospitali: hesabu watu na oksijeni, vitanda baadaye

Hapa ndipo vikao vingi hudanganywa bila mtu yeyote kusema uongo. Taarifa husema "tuna vitanda 60, vimejaa 24", na wote wanapumua. Kitanda ni chuma na godoro. Kinachotibu ni muuguzi, oksijeni, na vifaa vya kujikinga vya kumwezesha huyo muuguzi asilale kitanda cha pili.

Anza na muuguzi. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anaziba robo hivi ya nafasi, unahitaji 4.2, na ukiweka likizo na maradhi, ni watu 5 kwa nafasi moja ya muuguzi usiku na mchana. Katika chumba cha wagonjwa mahututi muuguzi mmoja huangalia mgonjwa 1 au 2. Kwa hiyo vitanda 10 vya mahututi ni wauguzi 25 kwa uchache, na si kila muuguzi anajua kuendesha mashine ya kupumulia. Halafu punguza: wimbi likija, wahudumu huugua wakati ule ule wagonjwa wanapoongezeka. Uliza ni wangapi walikuwa nje ya kazi wiki ya kilele iliyopita, utoe idadi hiyo kwenye orodha ya sasa.

Mahitaji ya vitanda nayo yana hesabu rahisi: wanaolazwa kwa siku mara siku wanazokaa. Wakilazwa 6 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 10, vitanda 60 vitakuwa na watu wakati wote. Kama mmoja kati ya hao 6 anaingia mahututi na kukaa siku 14, unahitaji vitanda 14 vya mahututi. Wengi hukumbuka wanaoingia na kusahau siku za kukaa, na wagonjwa wa mahututi hawatoki upesi.

Oksijeni ndiyo inayoishia ghafla. Mgonjwa mkali hutumia lita 10 hivi kwa dakika. Mtungi mkubwa wa hospitali hubeba takriban lita 6,800, kwa hiyo unamtosha mgonjwa huyo mmoja saa 11 na kidogo. Wagonjwa 20 wa aina hiyo hutumia lita 288,000 kwa siku, mitungi 43. Sasa ongeza wagonjwa 2 wanaopewa oksijeni tupu puani kwa mtiririko mkubwa, lita 60 kwa dakika: hao wawili peke yao wanakula mitungi 25 na zaidi kwa siku. Hospitali inaweza kuongeza wagonjwa wachache sana na matumizi yakaruka kupita kiasi. Kwenye kikao uliza mambo matatu: mitungi inajazwa wapi, gari huchukua saa ngapi kwenda na kurudi, na akiba iliyopo inatosha saa ngapi kwa wagonjwa waliopo. Jibu likija kwa mitungi, lirudishe kwa saa. Mitambo midogo inayochuja oksijeni hewani husaidia wodini, lakini hutoa lita 5 au 10 tu kwa dakika, hutaka umeme usiokatika, na vichujio vikijaa vumbi hewa inayotoka huwa hafifu huku mashine ikiendelea kuvuma kama kawaida. Ipimwe kwa kipima usafi wa oksijeni, kuisikiliza hakutoshi.

Kisha omba daftari la wagonjwa wengine, wale ambao hawana UVIKO. Upasuaji ulioahirishwa, waliotakiwa kusafishwa figo, mama waliojifungulia kituoni, watoto waliochanjwa mwezi huu ukilinganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Machi 2020 kampeni za chanjo ya polio zilisitishwa. Waliogunduliwa na kifua kikuu na kuripotiwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Kifua kikuu hakikuwa kimeondoka. Wagonjwa hawakufika kituoni, au walifika wakakuta maabara imehamishiwa kazi nyingine. Daftari hili halipendwi na kambi yoyote kati ya zile mbili, kwa sababu linakata pande zote. Vizuizi vya usafiri humzuia mjamzito kufika hospitali. Na hospitali iliyojaa wagonjwa wa janga nayo haimpokei.

Wafuatiliaji wanatosha wangapi

Fupi tu. Visa vipya 20 kwa siku, kila mmoja ana watu 8 aliokutana nao kwa karibu, ni watu 160 wapya kila siku. Wakifuatiliwa siku 14, kwenye orodha kuna watu 2,240 wa kupigiwa simu. Mfuatiliaji anayepiga simu 30 kwa siku, wanahitajika 75. Kama mna 12, visa mnavyoweza kuvidhibiti ni 3 kwa siku, si 20. Namba hiyo ndiyo uwezo wenu halisi, na inafaa kutajwa kabla ya kusikiliza hoja nyingine.

Kupanga nini kifunguliwe kabla ya nini

Pima kila shughuli kwa maswali manne: ni nje au ndani, watu wanakaa muda gani, wanapaza sauti, na ni wale wale kila siku au wageni tofauti? Soko la wazi liko mbali sana na ukumbi wa ngoma uliofungwa madirisha, hata kama yote mawili huitwa "mkusanyiko". Kwa majengo, Shirika la Afya Duniani limependekeza hewa safi lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Pasipo vipimo vya fundi, kipima hewa ya ukaa kinasaidia: nje husoma kama 420 (sehemu kwa kila milioni ya hewa), na chumba chenye watu kikikaa chini ya 800 kinapitisha hewa vizuri. Kikizidi hapo punguza watu au fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. Dirisha la upande mmoja hewa huingia na kukwama.

Ongeza swali la tano: kikifungwa, nani anaumia na hana mbadala? Denmark ilianza na vituo vya watoto na madarasa ya chini tarehe 15 Aprili 2020, kabla ya mikahawa. Mtoto mdogo hawezi kujisomea nyumbani, na mzazi wake hawezi kwenda kazini. Huo ni uamuzi wa thamani, haukutoka maabara, na ni halali ukisemwa waziwazi. Kinachokera ni uamuzi wa thamani unaovishwa koti jeupe.

Fungua kitu kimoja kwa mara moja. Shule, nyumba za ibada na mabasi vikifunguliwa Jumatatu moja, visa vikipanda hutajua ni kipi kimevipandisha, na utalazimika kuvifunga vyote. Pale ambapo haiwezekani, basi fungua katika maeneo tofauti kwa tarehe tofauti, ulinganishe.

Andika kizingiti cha kurudi kabla hamjafungua

Kizingiti kinachoandikwa baada ya visa kupanda hakiandikwi, hujadiliwa. Ujerumani iliweka chake tarehe 6 Mei 2020: wilaya ikifikisha visa vipya 50 kwa kila watu 100,000 ndani ya siku 7, masharti yanarudi katika wilaya hiyo. Kwa wilaya yenye watu 240,000 hiyo ni visa 120 kwa wiki. Uzuri wake ni kwamba kila mtu angeweza kuhesabu mwenyewe, na nchi nzima haikufungwa kwa ajili ya wilaya moja.

Kwa hospitali hesabu hurudi kinyumenyume. Mkirudisha vizuizi leo, wanaolazwa wataendelea kuongezeka kwa wiki 2 hadi 3, kwa sababu wameshaambukizwa. Kwa R ya 1.2 idadi hujirudufu kila siku 19 hivi, kwa hiyo kizingiti kiwe nusu ya uwezo: mna vitanda 60 vyenye wahudumu, mnarudi nyuma vikijaa 30. Kwa R ya 1.5 hujirudufu kila siku 8 au 9, mara mbili ndani ya kipindi hicho, na kizingiti kinashuka hadi robo, vitanda 15. Hapa ndipo watu hupiga kelele, "tufunge na vitanda 45 viko wazi?" Ndiyo. Vitanda hivyo 45 vina wagonjwa tayari, hawajafika tu.

Hoja zitakazotajwa, na namna ya kuzishika

"Afya au uchumi." Mwaka 2020 takwimu za mwendo wa simu zilionyesha katika nchi nyingi watu walipunguza safari kabla ya amri kutolewa. Kwa hiyo sehemu ya hasara ya biashara inatokana na hofu ya ugonjwa wenyewe, na kufungua milango hakurudishi wateja wote. Lakini usitumie hilo kumnyamazisha anayekula alichokipata leo. Kumwambia akae ndani bila kumpelekea chakula wala fedha ni kumpa amri ambayo hawezi kuitii, na amri isiyotiika haipunguzi maambukizi. Kiwango cha msaada kiandikwe kwenye azimio lile lile la vizuizi, pamoja na tarehe ya kulipwa.

"Mbona Uswidi haikufunga?" Ilifunga kiasi. Vyuo vikuu na sekondari za juu vilihamia masomo ya mbali Machi 2020, na mikusanyiko ya zaidi ya watu 50 ilipigwa marufuku. Vifo vyake mwaka 2020 vilizidi vya Norwei, Ufini na Denmark. Ukihesabu vifo vya ziada kwa miaka kadhaa, imo miongoni mwa nchi za Ulaya zenye kiwango cha chini. Anayetaja nchi yoyote aulizwe: unailinganisha na nani, na kwa kipindi gani?

"Wanaokufa ni asilimia ndogo." Asilimia ya nini? Vifo kwa waliothibitishwa na vipimo na vifo kwa walioambukizwa wote ni namba mbili tofauti sana, na ya kwanza hubadilika kila upimaji unapobadilika. Pia angalia kama vifo vimepangwa kwa siku ya kufariki au siku ya kuripotiwa. Vikipangwa kwa siku ya kufariki, siku 10 za mwisho za mchoro huonekana zikishuka daima kwa kuwa taarifa hazijafika.

Muhtasari wa kikao uwe na mistari hii tu: kinachofunguliwa na tarehe yake, namba inayoangaliwa, kizingiti, jina la cheo cha mwenye mamlaka ya kurudisha vizuizi bila kusubiri kikao kingine, mahali namba hizo zitakapobandikwa kila wiki, na tarehe ya kukutana tena, isiyopungua siku 14 kutoka siku ya kufungua.